KITHIRIPI YUPI? Jinsi ya Kumtambua Mdudu Mdogo Aharibuye Mazao na Maua

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba guu huota tende. Miongoni mwa wadudu waharibuo mazao yetu, ni wachache wanaostahili onyo hilo kuliko kithiripi. Urefu wake ni milimita moja hadi mbili tu. Hujificha kati ya majani machanga ya kitunguu, ndani ya ua la kunde ambalo halijafunuka, au chini ya petali za waridi, na mkulima aweza kupita shambani mwake mara kumi asimwone. Akionekana, huonekana kama kipande kifupi cha uzi, cha manjano, cha kahawia au cheusi, kinachotembea.

Hata hivyo, mdudu huyo huyo amekuwa tishio kwa wakulima wa vitunguu wa Mang'ola na wa Ruaha Mbuyuni, kwa wakulima wa kunde wa mabara, na kwa mashamba ya maua ya Arusha na Naivasha. Akiwa peke yake hana kishindo. Akizaana, hulifanya jani libabuke na ua lipukutike; na baadhi ya jamaa zake hubeba virusi ambavyo vikikwisha kuingia katika mmea havina dawa.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba hapana mdudu mmoja aitwaye kithiripi. Zaidi ya spishi 6,000 za wadudu hawa zimekwisha kuelezwa na wataalamu. Nyingi hazimdhuru mkulima hata kidogo, na baadhi yazo humsaidia. Kwa hiyo mtu asemaye "shamba langu limeingiwa na vithiripi" amesema nusu tu ya habari. Nusu iliyobaki ni swali lenyewe la makala haya: ni kithiripi yupi?

MDUDU MWENYE MABAWA YA MATAMVUA

Vithiripi wako katika oda iitwayo Thysanoptera, jina lililotolewa na Haliday mwaka 1836 kutokana na maneno mawili ya Kiyunani: thysanos, yaani tamvua, na pteron, yaani bawa. Jina hilo limeafiki kabisa. Bawa la kithiripi ni kama ufito mwembamba uliozungukwa na nywele ndefu, mfano wa matamvua ya mkeka au ya shali. Kwa mdudu mdogo kiasi hiki hewa ni nzito, na matamvua hayo humwezesha kuelea na kuchukuliwa na upepo kwa umbali mkubwa.

Kinywa chake nacho ni cha ajabu. Wadudu wengi wana taya mbili, moja kulia na moja kushoto. Kithiripi ana taya la kushoto pekee. Lile la kulia hukoma kukua tangu mdudu akiwa ndani ya yai. Kwa taya hilo moja hutoboa ngozi ya jani au ya petali, kisha huingiza vijisindano viwili vinavyoungana kuwa mrija, na kwa mrija huo hufyonza utomvu wa seli moja baada ya nyingine.

Oda hii imegawanyika katika makundi mawili makubwa. Katika kundi la kwanza, liitwalo Terebrantia, jike ana kifaa cha kutagia kilicho kama msumeno mdogo, ambacho kwacho hupasua jani na kuliweka yai ndani ya nyama ya jani. Katika kundi la pili, Tubulifera, pingili ya mwisho ya fumbatio ni mrija, na mayai hutagwa juu ya mmea. Waharibifu wakuu wa mazao yetu wamo katika kundi la kwanza, na hao ndio tutakaowazungumzia.

Maisha yao hupitia hatua hizi: yai, lava wa kwanza na lava wa pili, ambao wote wawili hula, kisha hatua mbili za utulivu ambazo mdudu hali chochote, na ambazo aghalabu huzipitisha katika udongo au katika majani makavu chini ya mmea, halafu mdudu kamili mwenye mabawa. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi mzunguko huo wote huchukua kama majuma mawili. Zaidi ya hayo, yai lisilorutubishwa halipotei bure: kwa spishi nyingi hutoka dume. Katika kithiripi wa vitunguu, majike ya jamii nyingi huzaa majike wenzao bila dume yeyote. Jike mmoja aliyeingia shambani atosha kuanzisha ukoo mzima.

DALILI ZA MADHARA

Kithiripi akikwisha kufyonza utomvu wa seli, seli hubaki tupu na hujaa hewa. Hewa hiyo huakisi mwanga, na ndiyo sababu ya mabaka meupe yanayong'aa kama fedha juu ya jani la kitunguu. Juu ya mabaka hayo huonekana vitone vidogo vyeusi, ambavyo ni mavi ya wadudu. Dalili hizi mbili zikikutana, mwanafunzi ana sababu nzuri ya kumshuku kithiripi. Mabaka peke yake hayatoshi, kwa kuwa utitiri nao huleta mabaka yanayofanana nayo.

Katika maua, petali hupata michirizi na kingo zake hukauka rangi ya kahawia. Ua la waridi hupoteza thamani sokoni hata kama mmea wenyewe ni mzima. Katika kunde na maharage, matumba huanguka kabla ya kufunuka, na maganda yanayosalia huota makovu na kupinda. Mkulima huona mmea mkubwa wa kijani usiozaa, akadhani kosa ni la mbegu au la mvua, kumbe mwizi yumo ndani ya ua.

KWA NINI JINA NI JAMBO KUBWA

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa wote ni vithiripi, na wote hufyonza, kuna haja gani ya kuwatenga kwa majina? Ziko sababu tatu, na kila moja inamgusa mkulima mfukoni.

Sababu ya kwanza ni magonjwa. Mwaka 1915 ugonjwa wa madoa na mnyauko wa nyanya ulionekana nchini Australia. Mwaka 1927 Pittman alionyesha kwamba uliambukizwa na vithiripi, na mwaka 1930 ikathibitika kwamba chanzo chake ni virusi. Tangu hapo virusi vingine vya jamii hiyo vimegunduliwa, lakini kati ya spishi zile zaidi ya 6,000 ni kama 15 tu zijulikanazo kuvibeba. Namna ya kuvibeba ni ya kipekee. Lazima kithiripi avipate akiwa lava mchanga. Akivila kwa mara ya kwanza akiwa mdudu kamili, hawezi kuviambukiza. Aliyevipata utotoni huvibeba maisha yake yote, na virusi huzaana ndani ya mwili wake. Basi kama spishi iliyomo shambani si mbebaji, mkulima ana adui mmoja. Kama ni mbebaji, ana maadui wawili.

Mifano ya hapa kwetu ipo. Virusi vya madoa ya manjano, vinavyoenezwa na kithiripi wa vitunguu, viliripotiwa katika vitunguu vya Kenya na Uganda mwaka 2011. Mwaka huo huo, huko Bomet nchini Kenya, ulizuka ugonjwa wa kufisha wa mahindi, ambao mwaka uliofuata uliripotiwa Tanzania. Ugonjwa huo hutokea virusi vya aina mbili vinapokutana katika mmea mmoja, na kimojawapo cha virusi hivyo chaweza kuenezwa na kithiripi wa mahindi, Frankliniella williamsi.

Sababu ya pili ni dawa. Spishi hazifi kwa dawa zile zile. Baadhi zimejenga usugu mkubwa, na mkulima anayenunua dawa bila kumjua mdudu aweza kutumia fedha yake kuwaua wadudu wema waliokuwa wakimsaidia, huku adui akibaki hai na kuzaana bila mpinzani. Tena dawa hizo ni sumu kwa mpuliziaji na kwa mlaji. Kunyunyiza sumu isiyofaa ni hasara isiyolipwa na mavuno.

Sababu ya tatu ni biashara. Nchi zinazonunua mboga na maua yetu zina orodha za wadudu wasioruhusiwa kuingia kwao. Kithiripi aitwaye Thrips palmi, aliyeelezwa na Karny mwaka 1925 kutokana na wadudu wa Sumatra, ni mmoja wa wale ambao nchi za Umoja wa Ulaya huwazuia. Mkaguzi akimkuta katika shehena, shehena hukataliwa. Mdudu huyo ni wa manjano, na kwa macho matupu hapana awezaye kumtofautisha na kithiripi wa vitunguu wa rangi hafifu, ambaye ameenea duniani kote.

WANNE WA KUWAFAHAMU

Kati ya vithiripi wapatikanao katika mashamba ya Afrika Mashariki, mwanafunzi na aanze na hawa wanne.

Wa kwanza ni kithiripi wa vitunguu, Thrips tabaci. Alielezwa na Lindeman mwaka 1889 kutoka katika tumbaku, na jina lake la pili linaikumbuka tumbaku hiyo, ijapokuwa leo kitunguu ndicho chakula chake kijulikanacho zaidi. Hukaa ndani kabisa, pale majani yanapokutana, ambapo dawa ya kunyunyiza haifiki kwa urahisi.

Wa pili ni kithiripi wa maua ya kunde, Megalurothrips sjostedti. Huyu ni mwenyeji wa Afrika, na jina lake limefungamana na mlima wetu. Mwaka 1905 na 1906 Msweden Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa kukusanya wanyama na wadudu wa Kilimanjaro na Meru. Vithiripi wa msafara ule walichunguzwa na mwananchi mwenzake, Filip Trybom, ambaye mwaka 1908 alimpa mdudu huyu jina la kiongozi wa msafara. Ni mkubwa kuliko wenzake, mweusi wa kung'aa, na huishi ndani ya matumba na maua ya jamii ya mikunde.

Wa tatu ni Frankliniella schultzei, aliyeelezwa na Trybom huyo huyo mwaka 1910. Ana sura mbili, moja nyeusi na moja ya manjano, jambo ambalo limewapoteza wengi. Hupatikana katika maua ya mimea mingi na ni mbebaji wa virusi vya nyanya.

Wa nne ni mgeni, Frankliniella occidentalis, ambaye twaweza kumwita kithiripi wa maua wa magharibi. Historia yake ina funzo. Pergande alimweleza mwaka 1895 kutoka California, na kwa muda wa miaka mingi alibaki upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini, mdudu wa kawaida asiyetajwa sana. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 alianza kusafiri. Mwaka 1983 alikuwa amefika Uholanzi, nchi ambayo ni kitovu cha biashara ya maua, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha alikuwa amefika Kenya. Wataalamu wanaamini kwamba kilichombadilisha ni dawa zenyewe: katika mashamba na nyumba za vioo zilizonyunyizwa mara kwa mara, wale dhaifu walikufa na wale sugu wakabaki kuzaa. Ukoo huo sugu ndio uliosafirishwa ulimwenguni ndani ya miche na maua. Leo ni mmoja wa wabebaji hodari wa virusi vya nyanya, na dawa nyingi hazimtishi.

Katika shamba moja la maharage mabichi nchini Kenya wawezekana kupatikana wa pili, wa tatu na wa nne kwa pamoja, ndani ya ua moja. Hapo ndipo macho matupu yanaposhindwa na hadubini inapohitajika.

KUWAKUSANYA NA KUWATAYARISHA

Vifaa vyake havina gharama. Chukua sahani nyeupe, au karatasi nyeupe iliyokunjwa kingo, uiweke chini ya ua au jani, kisha ugonge mmea kwa kijiti mara tatu au nne. Wadudu wataanguka na kuonekana wakitembea. Lowesha ncha ya burashi nyembamba ya rangi, umguse mdudu, naye atanata. Mtie katika chupa ndogo yenye alkoholi ya asilimia 60 hadi 70. Kwa vitunguu, ng'oa mmea mzima na kuyatenganisha majani juu ya sahani.

Kila chupa iwe na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka katika alkoholi: mahali, tarehe, jina la mmea, sehemu ya mmea, na jina la mkusanyaji. Mdudu asiye na kikaratasi hana faida kwa sayansi, hata akiwa nadra namna gani.

Kwa uchunguzi wa shuleni yatosha kumweka mdudu katika tone la gliserini juu ya kioo, mgongo juu, kumnyoosha mabawa na papasi kwa sindano mbili nyembamba, na kumfunika kwa kioo chembamba. Wataalamu hufanya zaidi ya hapo. Humlaza mdudu katika hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 5 ili nyama ya ndani iyeyuke na ngozi ibaki wazi. Humpitisha katika alkoholi inayozidi nguvu hatua kwa hatua ili kuondoa maji. Humtia katika mafuta ya karafuu, yale yale yakamuliwayo Pemba, ili mwili uangaze. Na mwishowe humzika katika zeri ya Kanada, ambamo atadumu kwa miongo mingi. Hidroksidi ya sodiamu huunguza ngozi na macho, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe na mwalimu tu.

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 huonyesha rangi na umbo. Hadubini inayokuza mara 100 huonyesha pingili za papasi na vinywele vikubwa. Kwa sehemu ndogo zaidi, mara 400 zahitajika.

UFUNGUO WA UTAMBUZI

Kabla ya kuutumia ufunguo huu, msomaji azifahamu sehemu nne. Papasi ni zile pembe mbili za kichwani, zilizogawanyika katika pingili. Vijicho ni vitone vitatu vilivyopangwa pembetatu utosini, kati ya macho makubwa mawili. Bamba la shingo ni lile bamba lililo nyuma tu ya kichwa. Singa ni vinywele vigumu, vichache, vinavyosimama mahali maalumu. Mahali na idadi yake ndiyo saini ya spishi. Ufunguo wahusu majike kamili wenye mabawa.

Hatua ya 1.
(a) Pingili ya mwisho ya fumbatio ni mrija: ni wa kundi la Tubulifera. Wengi wa kundi hili hula kuvu katika majani na magogo makavu. Usiendelee.
(b) Fumbatio limechongoka na lina msumeno chini ya ncha: nenda hatua ya 2.

Hatua ya 2.
(a) Mabawa ni mapana, ncha zake ni za mviringo, nayo yana mikanda myeusi na myeupe: yaelekea ni Aeolothrips au jamaa yake. Wengi wa jamaa hawa huwala wadudu wengine. Usimwue.
(b) Mabawa ni membamba na yamechongoka: nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3.
(a) Bamba la shingo lina singa ndefu mbele na nyuma. Na singa za bawa la mbele zimejipanga katika safu mbili kamili zisizo na pengo: ni jenasi Frankliniella. Nenda hatua ya 4.
(b) Bamba la shingo halina singa ndefu mbele. Zipo jozi mbili tu katika pembe za nyuma: nenda hatua ya 5.

Hatua ya 4. Tazama jozi ya singa ndefu iliyo baina ya vijicho.
(a) Singa hizo zimeachana, nazo zimesimama kwenye kingo za mbele za pembetatu ya vijicho. Pingili ya nane ya fumbatio ina chanuo kamili la meno madogo kwenye ukingo wake wa nyuma: Frankliniella occidentalis.
(b) Singa hizo zimekaribiana, nazo zimesimama kati ya vijicho viwili vya nyuma. Chanuo kamili halipo: Frankliniella schultzei.

Hatua ya 5.
(a) Papasi zina pingili 7. Vijicho ni vya kijivu, wala si vyekundu. Safu ya mbele ya singa za bawa ina pengo kubwa katika nusu ya nje, ambamo singa ni chache, aghalabu 4: Thrips tabaci.
(b) Papasi zina pingili 7, lakini vijicho ni vyekundu: ni Thrips mwingine. Akiwa wa manjano mwili mzima, ahifadhiwe na kupelekwa kwa mtaalamu, kwa kuwa Thrips palmi ana sifa hizo.
(c) Papasi zina pingili 8. Mwili ni mweusi wa kung'aa. Bawa la mbele ni la kahawia lakini ni jeupe kwenye shina na karibu na ncha: Megalurothrips sjostedti.

Mdudu asiyepatana na maelezo yote ya hatua fulani asilazimishwe. Ufunguo huu ni wa spishi chache za mazao machache, na vithiripi wa mahindi, wa chai na wa michungwa hawamo. Aandikwe "hajatambuliwa" na ahifadhiwe. Jibu hilo ni la kisayansi kuliko jina lililobahatishwa.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni rangi. Katika spishi moja wapo weusi na wa manjano, na hali ya hewa hubadili rangi na hata ukubwa. Kithiripi wa vitunguu akikulia katika baridi huwa mweusi zaidi kuliko aliyekulia katika joto. Rangi humsaidia mtambuzi, lakini hukumu itolewe na papasi, vijicho na singa.

Mtego wa pili ni mmea. Kithiripi kamili huchukuliwa na upepo na kutua popote. Kumkuta juu ya jani la mhindi si ushahidi kwamba anakula mahindi, kama vile kumkuta mtu kituo cha basi si ushahidi kwamba anaishi pale. Ushahidi wa makazi ni watoto. Lava hana mabawa, hawezi kusafiri mbali. Mahali alipo lava ndipo mama yake alipotaga. Kwa hiyo mkusanyaji hodari huandika daima kama aliwaona lava au hakuwaona.

Mtego wa tatu ni kwamba sura zaweza kufanana huku damu zikitofautiana. Uchunguzi wa chembe za urithi, yaani DNA, umeonyesha kwamba ndani ya jina moja Thrips tabaci zimo koo tatu, ambazo mojawapo yahusiana na tumbaku. Na mwaka 2010 ilichapishwa habari kwamba F. occidentalis naye ana koo mbili zisizotofautishwa kwa hadubini. Hata hivyo hadubini haijastaafu. DNA hulinganishwa na orodha ya majina, na majina hayo yalitolewa kwanza na watu waliohesabu singa. Mwaka 2013 Gerald Moritz wa Ujerumani na wenzake, akiwamo mtaalamu wa ICIPE ya Nairobi, walitoa zana za kompyuta za kuwatambua vithiripi waharibifu wa Afrika Mashariki, ambamo picha za hadubini na habari za DNA zimewekwa pamoja.

BAADA YA KULIJUA JINA

Jina likikwisha kujulikana, maarifa yote yaliyokusanywa juu ya mdudu huyo hufunguka. Akiwa ni Thrips tabaci katika vitunguu, mkulima ajua kwamba adui yuko katika shina la majani, kwamba mvua kubwa humpunguza, na kwamba kutandaza nyasi kavu juu ya matuta au kuchanganya vitunguu na karoti kumeonyeshwa kupunguza idadi yake. Akiwa ni M. sjostedti, ajua kwamba hatari iko wakati wa matumba. Kunyunyiza kunde zikiwa bado na majani tu ni kupoteza mali. Kuvu aitwaye Metarhizium anisopliae, ambaye huwaua wadudu bila kumdhuru mmea, alijaribiwa na ICIPE dhidi ya kithiripi huyu, na aina yake moja, ICIPE 69, imekwisha kuingia madukani. Akiwa ni F. occidentalis, mwenye shamba la maua ajua asitegemee dawa moja. Ataning'iniza mitego ya gundi ya rangi ya buluu, atawaachia wadudu wawindaji kama vile Orius wafanye kazi yao, na atang'oa magugu yenye maua kando ya shamba.

Kwa wote, ajua pia kwa nini dawa iliyonyunyizwa Jumatatu haikutosha. Mayai yalikuwa ndani ya jani na wale wa hatua ya utulivu walikuwa udongoni. Wote hawakuguswa, na baada ya siku chache kizazi kipya kilikuwa tayari.

KAZI KWA SHULE

Walimu wa Baiolojia na wa Kilimo wanapendekezewa zoezi hili. Chagueni bustani moja ya shule au ya jirani. Kila juma, siku ile ile na saa ile ile, gongeni maua au mimea 20 juu ya sahani nyeupe, mkahesabu wadudu kamili na lava kwa kuwatenga. Andikeni mvua iliyonyesha juma hilo. Chukueni wadudu kumi katika kila hesabu na kuwapitisha katika ufunguo. Baada ya muhula mmoja chora grafu: idadi ya vithiripi ilipanda lini, ilishuka lini, na spishi ipi iliongoza? Linganisheni kitunguu na kunde, au bustani iliyonyunyizwa dawa na isiyonyunyizwa.

Zoezi hilo si la kupitisha wakati. Wataalamu wa vithiripi katika eneo letu lote ni wachache sana, na mashamba hayana idadi. Mgeni kutoka ng'ambo hafiki kwanza katika maabara. Hufika katika ua la kando ya njia, mahali ambapo mwanafunzi hupita kila siku akienda shuleni. Miaka ile F. occidentalis alipokuwa akivuka bahari, alivuka bila kelele, na alipotambuliwa katika nchi nyingi alikuwa amekwisha kuweka makazi. Shule yenye hadubini moja, sahani nyeupe, chupa chache za alkoholi na daftari lililoandikwa kwa uangalifu yaweza kuwa mlinzi wa kwanza. Daftari na chupa hizo zihifadhiwe kabatini mwaka hata mwaka, na yule wa manjano mwenye vijicho vyekundu apelekwe bila kukawia kwa ofisi ya kilimo iliyo karibu.